Traka inajua gari limesimama, haijui kwa nini

Saa tisa usiku, upande wa Kenya wa mpaka wa Malaba. Lori lenye kontena la futi 40, mzigo wa Kampala, injini imezimwa. Simu ya dereva inaita. Ni ofisi.

"Mzee, mbona umesimama kwa saa sita? Kwenye skrini uko palepale."

"Bosi, sijasimama mimi. Imesimama njia."

"Sasa mbona hukusema mapema?"

Dereva ananyamaza. Angeweza kusema tangu jana jioni akiwa Eldoret, maana wenzake waliokuwa wakishuka Mombasa walishampa habari kwamba foleni haisongi. Hakusema kwa sababu mara ya mwisho aliposema, aliulizwa kama anatafuta kisingizio cha kulala njiani.

Mazungumzo ya namna hii atayasikia yeyote anayekaa na madereva wa masafa marefu, kwenye vituo vya mipaka ya Uganda, iwe Malaba, Busia, Mutukula au Elegu. Kwa wiki kadhaa yamekataa kunitoka kichwani. Hayana ajabu yoyote. Kinachonisumbua ni kwamba kampuni imelipia traka (kifaa cha kufuatilia gari), imelipia programu ya kufundishia madereva kwa simu, na bado habari muhimu kuliko zote usiku ule ilibaki kwenye kabini, kilomita mia mbili na zaidi kutoka kwa mtu aliyeihitaji.

Nukta nyekundu

Traka ya kawaida hutuma mahali gari lilipo kila dakika moja au mbili, mwendo wake, na kama swichi imewashwa. Ukiongeza hela utapata kiwango cha mafuta na taarifa ya mlango kufunguliwa. Juu ya hapo mzigo wa transiti, yaani unaopita nchi moja kwenda nyingine, hubeba muhuri wa kielektroniki wa forodha, ambao tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda huufuatilia kwa mfumo mmoja. Kontena moja linaweza kutazamwa na ofisi tatu kwa wakati mmoja.

Zote zinaona wapi na lini.

Sababu haionekani. Kutoka Mombasa hadi Malaba ni takriban kilomita 930, na humo katikati nukta ya gari kwenye skrini ikigeuka nyekundu maana yake inaweza kuwa chochote. Mizani ya Gilgil imekuta kundi la ekseli tatu za nyuma lina tani 26, wakati sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu 24, ingawa uzito wa gari zima uko sawa. Mzigo umepangwa vibaya na lazima usogezwe. Au wakala wa forodha amekosea namba ya kontena kwenye tamko. Au seva ya forodha imelala. Au dereva naye amelala, na ni haki yake.

Msimamizi wa magari anayeona nukta kumi nyekundu hana la kufanya ila kupiga simu kumi. Akimaliza ya kumi, ya kwanza imeshabadilika.

Dawa yake ni rahisi kiasi kwamba wauzaji wa mifumo huidharau: dereva atume namba ya sababu. Sita zinatosha. Moja foleni, mbili nyaraka, tatu mizani, nne gari bovu, tano kupumzika, sita usalama. Ukiweka ishirini hakuna atakayezikumbuka, na kila mtu atatuma "mengineyo". Namba iende kwa meseji ya kawaida, si kwa programu inayohitaji bando, kwa kuwa bando alilonunua Kampala halimsaidii sana akiwa Salgaa, Kenya. Meseji ya "1 MLB", yaani foleni, Malaba, inatosha. Saa ya kutumwa na namba ya simu vinakuja vyenyewe.

Saa inayodanganya

Hapa nikae kidogo, maana ndipo data nyingi huharibika kabla hata mtu hajaigusa.

Traka ikikosa mtandao haiachi kurekodi. Huhifadhi, kisha mtandao ukirudi humwaga kumbukumbu zote kwa mkupuo. Kila kumbukumbu ina saa mbili: ile ya tukio na ile ya kupokelewa. Programu iliyopangwa kwa saa ya kupokelewa itakuonyesha gari lililokaa saa tatu bila kusogea, kisha likaruka kilomita 150 kwa dakika moja. Ukikokotoa muda wa foleni kwa takwimu hizo umejidanganya mwenyewe.

Kisha kuna mpaka wa saa wenyewe. Uganda, Kenya na Tanzania tunatumia saa ileile. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, na Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma Februari 2021. Gari linalotoka Elegu saa nne asubuhi huingia Nimule, upande wa Sudan Kusini, saa tatu na dakika kadhaa. Kwenye jedwali la ofisi, limefika kabla ya kuondoka. Ni kichekesho hadi mtu aanze kumkata dereva hela kwa msingi wa jedwali hilo.

Hifadhi kila kitu kwa saa ya dunia, UTC, na uibadilishe wakati wa kuonyesha tu.

Data ikishika kiboko

Sensa ya mafuta ni kijiti cha kupimia kinachozama tangini. Ili isome sawasawa, tangi litolewe mafuta yote, kisha lijazwe lita 20 kwa 20, na kila hatua iandikwe sensa inasoma ngapi, kwa sababu tangi halina umbo moja juu hadi chini. Kazi hiyo inachukua nusu siku. Fundi anayelipwa kwa idadi ya magari huimaliza kwa saa moja: anapima tangi tupu, anapima tangi lililojaa, katikati anakisia.

Gari likipanda mlima wa Timboroa mafuta yanaegemea nyuma. Sensa inasoma pungufu ya lita 40. Kengele inalia Kampala. Mwisho wa safari mileji, posho ya dereva, inakatwa.

Dereva hakuiba kitu. Lakini amejifunza. Safari ijayo fyuzi ya traka "itaungua" penye mlima, au kitakuwepo kidude kilichochomekwa kwenye soketi ya sigara kinachoziba mawimbi ya GPS. Ofisi inaona pengo, inanunua kengele nyingine. Fyuzi nazo zinaendelea kuungua.

Hapa ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilidhani tatizo ni data kidogo. Sasa naamini kampuni nyingi zina data nyingi ambayo watu wake wana kila sababu ya kuipotosha, na ndiyo hiyo wanayotaka kuitegemea siku ya balaa.

Kanuni inayofanya kazi ni hii, na iandikwe, isemwe mbele ya madereva wote: namba ya sababu iliyotumwa kabla ofisi haijauliza haitatumika kumkata mtu hela. Hata kama sababu ni tano, kupumzika. Hata kama ni tatu na kosa la kupanga mzigo ni lake. Wizi uwe na njia yake tofauti, na ushahidi wa sensa pekee usitoshe. Uthibitishwe kwa risiti za kituo cha mafuta na kilomita zilizotembewa.

Mkurugenzi mwenye uchungu wa hela ataona huu ni ulegevu. Apige hesabu ya siku moja ya lori kulala Malaba, na faini ya kuchelewesha kontena, halafu tuongee.

Somo la dakika tatu

Mafunzo kwa simu yamekuwa fasheni. Kozi ya mtandaoni, slaidi 40, maswali kumi, cheti kwa PDF. Na kila dereva anajua kinachotokea: utingo ndiye anayejibu maswali, na majibu yanafika kwenye kundi la WhatsApp kabla ya chai ya saa nne. "La tatu ni B."

Silaumu madereva. Somo linaloeleza "umuhimu wa usalama barabarani" kwa mtu aliyeshuka Mau Summit mara mia linastahili kujibiwa na utingo.

Somo lenye faida hutoka kwenye matukio ya wiki iliyopita ya kampuni yenyewe. Jumatatu msimamizi wa magari, wakala wa forodha na dereva mmoja kwa simu wakae dakika ishirini, wachague tukio moja tu, watoe uamuzi uliokosewa au uliopatiwa. Jumanne irekodiwe sauti ya dakika tatu, kwa Kiswahili, na mtu anayejua njia. Sauti ya dakika tatu kwa ubora wa meseji za sauti ni takriban kilobaiti 360; video ya urefu huohuo hufika megabaiti kumi na zaidi kwa urahisi. Hapa Uganda, ambako tangu Julai 2021 bando hutozwa ushuru wa asilimia 12, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama somo litasikilizwa au litabaki na kile kimshale cha kupakua.

Lisikilizwe gari likiwa limesimama. Kamwe si njiani.

Na swali la mwisho liwe la uamuzi. Kwa mfano: uko Eldoret, wenzako wanasema foleni ya Malaba ni saa kumi na nne, ya Busia ni saa tatu. Unafanya nini?

Dereva mgeni atajibu: nakata kwenda Busia. Hapo ndipo somo lilipo, kwa sababu jibu hilo linaweza kumgharimu. Nyaraka za transiti zinataja kituo cha kutokea. Muhuri wa kielektroniki una njia iliyoidhinishwa. Ukiiacha, kengele inalia na askari wa forodha wanakufuata. Kabla ya kukata kona, wakala lazima aombe kubadilishiwa kituo kwenye mfumo, akubaliwe, na dereva apate uthibitisho mkononi. Kwa hiyo swali lile halikuwa la dereva peke yake. Nusu yake ni ya wakala: anachukua muda gani kuwasilisha ombi hilo saa nane usiku, na nani ana neno la siri la kuingilia mfumo?

Kampuni nyingi hufundisha madereva na kuwasahau mawakala. Au hufundisha wote, kila kundi kivyake, ilhali kosa liko katikati yao.

Kupima kama somo limeingia, achana na alama za mtihani. Pima dakika kati ya gari kusimama na meseji ya sababu kufika. Zikipungua, kuna kitu kimeeleweka.

Mshindani wako anajua

Turudi Eldoret. Habari ya foleni dereva aliipata kwa madereva wa kampuni nyingine. Wao hugawana kila kitu, bure, kwa taa na kwa simu, tangu zamani. Ofisi zao ndizo zinazofichana. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini kwenye vikao vya wenye magari kila mmoja hudai mambo yake ni shwari.

Hofu yao ina msingi. Hakuna anayetaka mshindani ajue mteja wake, bei yake, au lori lenye vifaa vya elektroniki liko wapi usiku huu. Basi hivyo visigawanwe. Kinachotakiwa mezani ni vitu vinne tu: kituo cha mpaka, saa ya kuingia foleni, saa ya kutoka, namba ya sababu. Hakuna jina la dereva, namba ya gari, wala nukta kwenye ramani.

Saa hizo zitoke kwenye uzio wa ramani, yaani mstari unaozungushiwa eneo la foleni kwenye ramani, uliochorwa sawa kwa wote. Hapa ndipo makubaliano huvunjikia: mmoja ameanza kuhesabu kilomita 15 kabla ya geti, mwingine getini penyewe, wa tatu amechora duara kubwa lililomeza na kituo cha mafuta ambako madereva hula. Matokeo hayalinganishiki. Chora mmoja, uupe kila kampuni uleule, na uweke mbali maegesho ya kulala.

Usitumie wastani. Lori moja lililovunjika giaboksi na kukaa siku tatu litapotosha wiki nzima. Panga muda wote kuanzia mdogo hadi mkubwa, uchukue wa katikati, na pembeni uweke muda ambao magari tisa kati ya kumi yalikuwa yameshapita. Huo wa pili ndio wa kumwahidi mteja. Na kama takwimu za saa hizo zimetoka kwa kampuni chini ya tatu, usizionyeshe, maana kila mtu atajua ni za nani.

Upo uangalizi wa Ushoroba wa Kaskazini, yaani njia ya Mombasa kwenda Uganda na kwingineko, unaofanywa kutoka Mombasa, ambao kwa miaka mingi umekusanya muda wa safari na wa mipakani. Ni kazi nzuri kwa wanaotunga sera. Msimamizi wa magari yeye anataka kujua ya jioni hii.

Kuhusu sheria nitakuwa mfupi. Mahali alipo dereva ni taarifa binafsi, na Sheria ya Uganda ya Kulinda Data na Faragha ya 2019 inataka aambiwe inakusanywa kwa lengo gani na nani ataipata. Kampuni ijisajili kwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi. Na traka ya gari ambalo dereva ameruhusiwa kwenda nalo nyumbani isimfuate siku ya mapumziko yake.

2020 ilituonyesha nini

Mwaka ule madereva walipimwa korona mpakani, majibu yakachelewa, na foleni ya Malaba ikarefuka kilomita kwa kilomita. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaleta mfumo wa simu uliobeba cheti cha kipimo cha dereva, cha siku 14, ili nchi moja isome majibu ya nyingine.

Programu yenyewe ilikuwa sehemu nyepesi. Sehemu ngumu ilikuwa nchi moja kukubali kipimo cha jirani. Januari 2022 Uganda ilipoamua kupima kila dereva anayeingia, tena kwa kulipia, madereva waligoma, malori yakakaa, na ndani ya siku chache petroli ikakimbilia karibu mara mbili ya bei yake katika baadhi ya sehemu. Wakati huo mfumo wa kugawana majibu ulikuwa na zaidi ya mwaka tangu uanzishwe.

Jambo hili linanipa mashaka juu ya haya yote ninayoandika. Kampuni kumi zinaweza kugawana data safi kabisa, na uamuzi mmoja wa ofisi ya serikali ukaifanya iwe taarifa sahihi ya msiba. Bado ni afadhali kujua saa sita kabla kuliko saa sita baada. Gari lililoko Nakuru linaweza kusubiri Nakuru, penye maegesho yenye mlinzi na chakula.

Siku mtandao unapozimwa

Januari 2021, mkesha wa uchaguzi wa Uganda, intaneti ilizimwa nchi nzima ikarudi baada ya siku tano hivi. Kilichobaki ni simu ya kupiga na meseji. Ofisi iliyoweka kila kitu mtandaoni ilibaki na kompyuta za mapambo.

Ndiyo maana nasisitiza meseji. Ndiyo maana pia kila kabini iwe na kadi iliyotiwa plastiki: namba sita za sababu, simu za mawakala wa kila mpaka (mbili kila mmoja, mitandao tofauti), na nafasi ya kuandika kwa kalamu namba ya nyaraka za safari hiyo. Ofisini kuwe na simu ya vitufe na daftari. Mara moja kila miezi mitatu, zima ruta ya intaneti asubuhi hadi saa saba mchana, bila kutangaza, uone kinachokwama. Mara ya kwanza kitakwama kitu cha kipuuzi: namba ya wakala wa Mutukula iko kwenye simu ya mtu aliye likizo.

Mutukula yenyewe ni mfano wa njia ya akiba isiyokuwepo. Tangu Januari 2008, machafuko ya Kenya yalipokata reli na barabara na mafuta yakaadimika Kampala, kila mpango wa dharura unataja njia ya Dar es Salaam. Uliza kampuni ni lini mara ya mwisho gari lake lilipita huko. Dereva aliyeijua ameacha kazi. Wakala wa upande wa Tanzania hapokei simu. Vibali vimekwisha muda. Njia ya pili inakuwa hai kwa kupitiwa: safari moja kila robo mwaka, hata kama ni ndefu na ghali, ikiwa na dereva mzoefu na mgeni pamoja, na kumbukumbu zake zikiingia kwenye jedwali lilelile.

Wote wakikimbilia Busia

Mashaka yangu ya mwisho ni haya. Ukiwaambia wote kwamba Busia ni saa tatu, wote watakata kwenda Busia, na kufikia usiku Busia ni saa kumi na mbili. Taarifa yenyewe imeharibu ilichokuwa inapima. Njia moja ya kupunguza hilo ni kuongeza safu moja kwenye jedwali: magari mangapi yameomba kubadilishiwa kituo leo. Haiponyi kabisa. Msimamizi mwenye busara akiona safu hiyo inapanda atabaki na Malaba yake.

Na nani atunze jedwali? Si kampuni kubwa kuliko zote, wala si muuza traka, ambaye atalifungia ndani ya mfumo wake. Chama cha wenye magari kinaweza, au mtu mmoja anayelipwa kwa mchango sawa. Anzeni kampuni tatu, kwa jedwali la kawaida la kompyuta, miezi mitatu, mpaka mmoja. Wenye lori moja au mawili waingie bila mchango wa fedha, kwa sharti la kutuma meseji, maana wao ndio wengi njiani na macho yao ni mengi kuliko ya kampuni yoyote.

Mkataba uwe ukurasa mmoja. Useme kinachogawanwa, kisichogawanwa, nani anaona, na kinafutwa baada ya muda gani. Useme pia kwamba anayepatikana akituma saa za uongo anafungiwa kuona jedwali kwa mwezi, na kwamba anayetaka kujitoa atoe notisi ya wiki nne, na kumbukumbu zake za nyuma zibaki bila jina lake.